Bismillahi Mlangoni, Uchafu Jikoni

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyeturuzuku vyakula vya nchi kavu na vya baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake kwa wema. Ama baad.

Ingia, ndugu msomaji, katika hoteli nyingi za Waislamu katika miji yetu ya pwani. Mlangoni utakuta Bismillahi kwa hati nzuri ya Kiarabu. Ukutani pametundikwa Ayatul-Kursiyyi ndani ya fremu, na picha ya Al-Kaaba. Karibu na meza ya mpokea fedha pamebandikwa cheti cha halali. Mhudumu atakupokea kwa salamu kamili, nawe moyo wako utatulia, utasema: hapa ni kwetu.

Sasa inuka mahali ulipoketi, upite nyuma kwenda kunawa. Utakuta beseni moja la maji yaliyogeuka rangi, na ndani yake vikombe, sahani na vijiko vinachovywa na kutolewa tangu asubuhi. Utakuta kitambaa kimoja kinafuta meza, kinafuta sahani, kisha kinafuta jasho la mwenye kukishika. Utakuta kibao kilichokatiwa kuku mbichi sasa kinakatiwa kachumbari. Mashine ya kukamulia juisi ya miwa imeganda utomvu wa jana, na nzi wamefanya kikao juu yake. Mlango wa friji una utando mweusi kwenye mpira wake. Karai la kukaangia lina mafuta yaliyokwisha kuwa kama lami. Na choo cha wafanyakazi kina maji, lakini hakina sabuni.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wenye hoteli, wala hatusemi kwamba hoteli zote ziko hivyo. Wako ndugu zetu, na wako mama lishe wa vibandani, ambao usafi wao ni hoja juu yetu sote. Tunasema kwa sababu jambo hili limekuwa la kawaida mpaka halimshangazi mtu, na kwa sababu ubao wa "halali" umekuwa pazia la kufunikia yale ambayo Uislamu wenyewe unayakataza.

Halali ina mwenziwe

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 168, Allah (s.w.t.) anawaamrisha watu wale vilivyomo ardhini kwa sifa mbili: kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani kizuri, safi, kisicho na madhara. Sifa hizi zimetajwa pamoja. Sisi tumezitenganisha. Ya kwanza tumeitundika ukutani, ya pili tumeiacha barazani.

Tumekuwa hodari sana wa kuuliza: nani kachinja? Alielekea kibla? Alisoma Bismillahi? Maswali hayo ni ya haki, na hatutaki yaachwe. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza: kisu kile kilioshwa kwa nini baada ya kuchinja? Gogo la bucha lilisuguliwa lini? Nyama ilikaa wapi tangu alfajiri hadi ilipoingia chunguni?

Tazama vijana wa pangoni katika Suratul-Kahf, aya ya 19. Walikuwa wakimbizi wanaohofia roho zao. Hata hivyo, walipomtuma mmoja wao mjini na fedha, walimwagiza achague chakula kilicho safi zaidi. Watu wenye njaa na hofu hawakusema "leta chochote." Sisi tulioshiba na tulio katika amani tunasema "leta chochote, maadamu ni halali."

Na maswahaba je? Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya Ahlul-Kitab, kama inafaa kulia humo. Akaambiwa watafute vyombo vingine, na wasipovipata wavioshe ndipo walie. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nasi tunaisomesha. Tunawasomesha vijana wetu kuosha sufuria ya jirani asiyekuwa Mwislamu, na sufuria ya Mwislamu mwenzetu inabaki na ukoko wa siku tatu!

"Si najisi." Basi iweje?

Wapo wenye elimu kidogo ya fiqhi watakaotujibu: hayo mnayoyataja ni uchafu wa kawaida, si najisi. Mate ya mwanadamu ni twahara, jasho lake ni twahara, mafuta ya jana ni twahara. Chakula hakiharamiki.

Tunajibu: mmesoma mlango mmoja mkafunga kitabu. Mafakihi wametofautisha baina ya najisi na kinachotia kinyaa, ni kweli. Lakini mafakihi hao hao wameweka kanuni kwamba chenye kudhuru hakiliwi hata kama asili yake ni twahara. Sumu itokanayo na mmea ni twahara. Je, mtaitia mchuzini? Kitu kutokuwa najisi ni suala la kuswihi kwa swala yako ukikigusa. Halikupi ruhusa ya kumlisha mtu kikamuumiza tumbo.

Kisha tazameni aliyeletwa na sheria hii. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kupumulia ndani ya chombo anachonywea. Aliamrisha anayeamka usingizini asitie mkono wake katika chombo cha maji kabla ya kuuosha mara tatu, kwa sababu hajui mkono ulilala wapi. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe midomo. Mkono wa mwenye kulala tu umewekewa sharti hili. Mkono wa mpishi aliyetoka chooni utawekewa sharti gani?

Na hapa lazima tuiseme hadithi ya nzi, maana tumeisikia ikitolewa kama kinga. Mwenye hoteli mmoja, tulipomwonyesha nzi juu ya sinia lake la maandazi, alitucheka akasema: "Masheikh, hamkusoma hadithi?" Tumesoma. Imo katika Bukhari, ni sahihi, na tunaiamini. Lakini hadithi ile inamzungumzia nzi aliyeangukia chomboni. Haikusema tufuge nzi. Aliyetufundisha la kufanya nzi akianguka ndiye aliyetuamrisha kufunika vyombo. Anayechukua hadithi moja na kuitupa nyingine anafuata matamanio yake.

Yaliyotufika sisi wenyewe

Asidhani msomaji kwamba tunatupa mawe tukiwa ndani ya ngome. Ramadhani chache zilizopita, katika daahiliya ya madrasa yetu, tuliwafuturisha wanafunzi kwa sambusa. Nyama ilichemshwa asubuhi, ikasagwa kwa mashine yetu ya mkono, ikakaa ndani ya sufuria mpaka karibu na Magharibi, kisha ikafungwa katika manda na kukaangwa haraka haraka. Usiku ule, kabla ya Tarawehe kwisha, watoto walianza kutapika. Mpaka wakati wa daku tulikuwa tunabeba watoto kuwapeleka zahanati. Alhamdulillahi, hatukumzika yeyote. Lakini mtoto mmoja wa miaka minane alikaa na dripu siku mbili, na mama yake alipotujia hakututukana. Alituuliza tu: "Maustadhi, mlikuwa mnamlisha nini mwanangu?"

Kesho yake alikuja bwana afya. Aliiona mashine ya kusagia imesuuzwa na kufunikwa kwa kitambaa cheupe, kama tulivyozoea kila siku. Akatutaka tuifungue. Tukatazamana. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuifungua. Akaifungua mwenyewe kipande kwa kipande, na ndani ya meno yake mlikuwa na nyama ya siku nyingi, ya kijivu, imeshikamana kama gundi. Harufu iliyotoka ilitosha kuwa jawabu.

Wiki ile ile darasani tulikuwa tunasomesha Bulughul-Maram, mlango wa maji. Tulikuwa tunafafanua tofauti za wanazuoni juu ya maji machache na maji mengi, na hatua arobaini kutoka pale tuliposimama, palikuwa na mashine hiyo. Tangu siku hiyo tumejua kwamba mtu anaweza kuhifadhi milango yote ya twahara akamlisha mtoto wa watu uchafu.

Vijidudu havisomi cheti

Bwana afya yule alitufundisha mambo ambayo kila mpishi anapaswa kuyajua, nasi tunayafikisha.

Kwanza, chakula kinachokaa kati ya nyuzijoto 5 na 60 kiko katika hatari. Baadhi ya vijidudu, vikipata joto la wastani, unyevu na chakula, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: kimoja kikiachwa saa 7, yaani mfano wa kutoka Adhuhuri mpaka Isha, kinaweza kuzidi milioni 2. Ndiyo maana wataalamu wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Pili, kupasha moto si tiba ya kila kitu. Baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoharibika kwa moto wa jikoni. Viko vinavyopenda wali: mbegu zake hustahimili kuchemka, na wali ukilala ndani ya sufuria huamka na kutoa sumu. Basi lile neno la "tutaupasha asubuhi" si kinga. Wali ukibaki, utandazwe upoe haraka, utiwe friji, vinginevyo usiuzwe.

Tatu, kusuuza si kuosha. Mafuta na mabaki yakigandia chombo hujenga utando, na vijidudu hujificha chini yake. Hata dawa ukiimwaga haivifikii. Kwa hiyo chombo hufunguliwa, hukwanguliwa, huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, husuuzwa kwa maji safi, hutiwa dawa, kisha huachwa kikauke chenyewe. Kitambaa kichafu kinachokaushia chombo safi kinarudisha kila kilichoondolewa.

Nne, mpishi anaweza kuwa mzima machoni na akabeba maradhi. Katika New York, mwanzoni mwa karne ya 20, mpishi Mary Mallon alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo bila mwenyewe kuhisi kuumwa. Aliachiwa huru mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Mwaka 1915 alikutwa anapika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi, ambako watu 25 walikuwa wameambukizwa na wawili kati yao wakafa. Kipimo cha afya cha mpishi si usumbufu wa serikali.

Na wala tusidhani kuwa haya ni ya mbali. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi na kufika Zanzibar. Hadi Aprili 2016 waliougua walikuwa wamezidi 20,000 na waliofariki wamezidi 300. Hatusemi wote waliupata hotelini. Maji machafu ni njia kubwa. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayotiwa katika jagi la mezani na beseni la vyombo. Mwezi Julai 2017 Nairobi, kipindupindu kiliwapata hata waliokula katika mikusanyiko ya wakubwa, mpaka mawaziri wawili wakalazwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kichafu huwaugua watu milioni 600 duniani kila mwaka na kuua 420,000, na karibu theluthi ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Visingizio

Wanasema: ni qadari ya Allah. Tunawauliza, mnafunga duka usiku kwa kufuli au mnaliacha wazi kwa qadari? Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alifahamisha kwamba anatoka katika qadari moja kwenda katika qadari nyingine. Na sabuni nayo ni qadari ya Allah, tena ya bei nafuu.

Wanasema: wateja hawalalamiki. Ni kweli, na hiyo ni aibu yetu sisi wateja. Tunaona nywele kwenye mchuzi tunaitoa kwa kidole tunaendelea, eti tusimvunjie ndugu heshima. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni alitia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, akakuta unyevu chini umefichwa. Hakunyamaza kwa kumstahi muuzaji. Alitaka kilicholowa kiwekwe juu watu wakione, na akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Basi mwenye kuficha jiko lake nyuma ya pazia na kuweka Bismillahi mbele, ameweka kikavu juu na kilicholowa chini.

Wanasema: hatuna mtaji. Tunakubali kwamba friji jipya ni fedha nyingi. Lakini kibao cha pili cha kukatia ni fedha nyingi? Mfuniko? Maji ya kuchemsha? Mwenye hoteli anayepaka rangi mpya kila Ramadhani na kununua televisheni kubwa kwa ajili ya mpira, asituambie kwamba sabuni imemshinda.

Nani mwenye dhima?

Ni rahisi kumlaumu kijana anayeosha vyombo. Amekuja mjini kutafuta riziki, anaamka kabla ya alfajiri na analala baada ya saa tano usiku, juu ya magunia. Hakufundishwa na mtu. Akiumwa tumbo, akikaa nyumbani siku moja, anakatwa ujira au anafukuzwa. Basi huja kazini na maradhi yake, anakata kachumbari, nasi tunakula. Nani aliyemleta jikoni akiwa mgonjwa kama si tajiri wake?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye hoteli ni mchunga wa kijana huyo, na mchunga wa tumbo la kila aliyeketi mezani kwake. Anayekata ujira wa mgonjwa amefanya dhulma mbili kwa mkupuo mmoja: amemdhulumu mfanyakazi, na amewadhulumu walaji.

Nao wazee wetu wa kheri hawakuliacha jambo hili kwa dhamiri za watu peke yake. Katika karne ya 6 Hijria, yaani karne ya 12 Miladia, Abdurrahman bin Nasr ash-Shayzari wa Sham aliandika kitabu juu ya kazi ya muhtasibu, msimamizi wa masoko. Humo aliwataka wapishi waoshe vyombo vyao kwa maji ya moto na ushnani, ambayo ilikuwa sabuni ya zama hizo, kisha wavifunike visifikiwe na nzi na wadudu. Mkanda unga aliwekewa masharti ya kufunika mdomo asije kupiga chafya ndani ya unga, kujifunga kitambaa kwenye paji la uso jasho lisidondoke, na kuwa na mtu wa kufukuza nzi. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, kabla ya hadubini, kabla ya dawa za viwandani. Leo tunazo zote, na tumeshindwa kufunika sinia la maandazi.

Tunayoyataka

Kwa wenye hoteli: wekeni maji yanayotiririka na sabuni jikoni na chooni kabla ya kuweka fremu ukutani. Mashine za kusagia na za kukamulia zifunguliwe na kuoshwa kila siku, si kusuuzwa. Kibao cha nyama mbichi kisiguse chakula kilicho tayari. Mfanyakazi anayeharisha au kutapika apumzike na ujira wake asikatwe. Na wapishi wapimwe afya kama sheria inavyotaka, si kununua karatasi.

Kwa wanaotoa vyeti vya halali: msiishie machinjioni. Fikeni mpaka penye beseni la vyombo. Cheti kisichoangalia twayyib ni ushahidi wa nusu ya jambo.

Kwa maimamu na walimu wenzetu: khutba ngapi zimetolewa juu ya urefu wa kanzu, na ngapi juu ya usafi wa mkono unaolisha watu? Tuanze katika majiko yetu ya walima, ya futari na ya madrasa.

Kwa walaji: uliza. Omba kuliona jiko. Ukikataliwa, umeshajibiwa, inuka uende zako, na mnasihi mwenyewe kwa siri kabla ya kumtangaza.

Ama sisi, tumeondoa pazia. Jiko la daahiliya yetu liko wazi kwa mzazi yeyote, kila Jumamosi baada ya Alasiri, na mashine ya kusagia nyama hukaa juu ya meza ikiwa imefunguliwa vipande vyote. Mama wa yule mtoto alikuwa wa kwanza kuja. Alikishika kila kipande, akakinusa, akakirudisha mezani bila kusema neno. Bado huja, na tunamwomba asiache.

Ewe Mola wetu, tutwaharishie nyoyo zetu, vyombo vyetu na riziki zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya kuwadhuru waja wako. Amin. Wabillahi tawfiq.